Feni Isiyozunguka na Wito Usiofika Tabora

Tangu joto la Septemba na Oktoba lianze kuikaza Tabora, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinahusu magari yanayochemsha, na sehemu kubwa ya barua hizo, ukizisoma kwa makini, zinaishia kwenye feni ya rejeta. Tumelitenga toleo hili kwa jambo hilo peke yake, pamoja na malalamiko yanayoandamana nalo, yaani ya wenye magari wanaosikia kwamba magari ya aina yao yameitwa na kiwanda kwa marekebisho huko yalikotengenezwa, lakini hapa nyumbani hawaoni mtu wa kuwapokea. Majina ya waandishi, ya mafundi na ya kampuni zilizolalamikiwa tumeyaacha, kwa kuwa hatukupata nafasi ya kusikia upande wa pili.

SWALI: Mheshimiwa Fundi, mimi ni mwalimu wa sekondari na ninaishi Ipuli. Nina gari dogo la petroli lenye injini ya lita 1.5, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika. Nikienda Nzega mshale wa joto hautikisiki, lakini nikirudi mjini na kukwama karibu na soko kuu, au nikiwasubiri watoto nje ya shule huku kiyoyozi kimewashwa, mshale unapanda na kiyoyozi kinaanza kutoa hewa ya moto. Fundi wa kwanza aliitoa themostati akisema kwamba kwa hali ya hewa yetu haihitajiki. Tatizo liliporudi, fundi mwingine aliunga feni moja kwa moja kwenye swichi, kwa hiyo sasa inazunguka muda wote tangu ninapowasha gari. Gari halichemshi tena, ila kuna harufu ya plastiki inayoungua, na plagi ya feni imeanza kuwa nyeusi. Je, niendelee hivi hivi?

JIBU: Usiendelee, Mwalimu, hata kwa safari ya sokoni. Harufu hiyo inatoka kwenye waya au plagi inayopitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake, na hapo ilipo imezungukwa na plastiki, mpira na vumbi lililochanganyika na mafuta. Moto wa gari mara nyingi huanza kwa namna hiyo hiyo, na aliyeko kwenye usukani huwa wa mwisho kuuona.

Maelezo yako ni mazuri kuliko vipimo vingi vinavyofanywa gereji, na laiti fundi wa kwanza angekusikiliza mpaka mwisho, usingefika hapa. Gari linapokwenda kilomita 50 au 60 kwa saa na zaidi, upepo wa mwendo unapita kwenye rejeta na kuipoza hata kama feni imekufa kabisa, na ndiyo maana barabara ya Nzega haikukuonyesha kasoro yoyote. Linaposimama, upepo huo unakatika na kazi yote inabaki kwa feni. Kiyoyozi nacho kina kondensa yake, yaani rejeta ya kupoza gesi ya kiyoyozi, iliyowekwa mbele ya rejeta ya maji, na hewa ya kuvipoza vyote viwili huvutwa kwa pamoja. Kwa hiyo kiyoyozi kinachotoa baridi njiani na moto kwenye foleni ni shahidi wa pili dhidi ya feni. Kama kasoro ingekuwa rejeta iliyoziba au pampu ya maji iliyochoka, ungetarajia joto lipande zaidi ukiwa kwenye mwendo mkali au umebeba mzigo, wakati injini inapozalisha joto jingi kuliko linaloweza kutolewa.

Nianze na themostati, kwa sababu kuing'oa kumekuwa desturi katika gereji zetu na mimi naipinga desturi hiyo waziwazi. Themostati ni mlango wa maji kati ya injini na rejeta. Hukaa imefungwa injini ikiwa ya baridi, na katika magari mengi huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 82 hadi 90 hivi. Wakati gari lako lilipokuwa likichemsha pale sokoni, mlango huo ulikuwa umeshafunguka kadiri unavyoweza, kwa hiyo kuuondoa hakukuweza kusaidia chochote. Kulichofanya ni kuinyima injini joto lake la kazi, hasa asubuhi za Juni na Julai. Kompyuta ya gari inaposoma kwamba injini bado ni ya baridi inaongeza petroli, mafuta ya injini yanabaki mazito kuliko inavyotakiwa, na unyevu unaopaswa kukauka ndani ya injini haukauki. Nunua themostati mpya yenye kiwango kile kile cha joto kilichokuwa kwenye ya zamani, na irudishwe pamoja na mpira wake.

Sasa feni yenyewe. Katika gari kama lako sensa husoma joto la maji na kuipelekea kompyuta taarifa; kompyuta huamuru rilei, rilei hufungua njia ya umeme mkubwa unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, na umeme huo ndio unaoizungusha mota. Feni hutakiwa kuwaka maji yanapokaribia nyuzi 100, na kuzima yanaposhuka kidogo. Ikikatika sehemu moja tu kati ya hizo, feni inalala. Kuunga feni moja kwa moja ni kuziruka sehemu zote bila kujua ni ipi iliyokufa. Ndiyo maana napenda fundi aanze kwa kuwasha kiyoyozi, kwa sababu katika magari mengi amri ya kiyoyozi huwasha feni bila kusubiri injini ipate moto. Feni ikizunguka kwa amri hiyo, mota yake ni nzima, na shaka inahamia kwenye sensa au kwenye rilei ya upande mwingine. Isipozunguka, aangalie fyuzi, abadilishane rilei ya feni na nyingine ya aina ile ile iliyomo ndani ya kasha hilo hilo, kisha aipe mota umeme wa moja kwa moja kutoka betri kwa sekunde chache ili kuona kama inaamka. Yote hayo hayachukui muda mrefu, wala hayahitaji kubadilisha kifaa hata kimoja.

Kwa kuwa plagi yako imeungua, nashuku mota ilikuwa imechoka tangu mwanzo. Brashi za kaboni zilizolika na beringi iliyokauka huifanya mota ivute ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, na vumbi letu la barabarani linaharakisha uchakavu huo. Umeme ukizidi, mguso uliolegea au ulioshika kutu ndani ya plagi hupata moto mpaka plastiki inalainika. Mwombe fundi abadilishe mota, plagi na kipande cha waya kilichobadilika rangi, atumie waya wenye unene ule ule wa kiwandani, na arudishe njia ya rilei na fyuzi kama ilivyokuwa. Fyuzi iwe na namba ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kasha, ambayo kwa feni mara nyingi ni 30. Fundi akitaka kuweka kubwa zaidi kwa sababu ndogo inakatika, mzuie, kwani fyuzi inayokatika inakueleza kwamba mota inavuta umeme kupita kiasi.

Baada ya kazi, shika karatasi nyepesi mbele ya kondensa, gari likiwa limesimama na feni inazunguka. Karatasi inatakiwa kunaswa, kwa kuwa feni iliyoko nyuma ya rejeta huvuta hewa kutoka mbele. Ikisukumwa, basi nyaya mbili zimebadilishwa upande na feni inazunguka kinyumenyume, kosa ambalo hutokea baada ya kuunga upya na huwapotezea watu fedha nyingi kwa sababu kila mtu akiangalia anaona feni inazunguka. Hakikisha pia kwamba ile fremu ya plastiki inayoizunguka feni imerudishwa, maana bila hiyo feni huvuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila kupozwa. Tafadhali funga vizuri mtandio au kanga kabla ya kuinama, na usiweke mkono karibu na feni hata gari likiwa limezimwa, kwa sababu katika baadhi ya magari feni huweza kuwaka yenyewe injini ikiwa bado ya moto.

SWALI: Shikamoo Fundi. Ninaendesha gari la abiria la dizeli kati ya Tabora na Sikonge. Feni yetu haina umeme, inazungushwa na mkanda. Siku hizi nikijaza abiria na mizigo, joto linapanda hata nikiwa kwenye mwendo, na sisikii tena ule mvumo mkubwa wa feni niliouzoea. Mkanda ni mpya.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umesikiliza vizuri, na mvumo uliopotea ndio jibu. Kati ya mkanda na mapanga ya feni kuna klachi iliyojazwa mafuta mazito ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya baridi, klachi huiacha feni iteleze na kuzunguka polepole ili kuokoa nguvu ya injini. Hewa hiyo ikipata moto, springi ndogo iliyoko mbele ya klachi hufungua njia ya silikoni, klachi inashika, na feni inaanza kuvuma. Silikoni ikivuja au kuchoka, feni inateleza wakati wote. Zima gari likiwa limepata moto, subiri mkanda usimame kabisa, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani wowote, klachi imekwisha. Angalia pia kama kuna alama ya mafuta yaliyorushwa kuizunguka klachi. Katika baadhi ya klachi silikoni inaweza kuongezwa, lakini iwe yenye uzito sahihi; wale wanaofunga klachi kwa bolti ili ishike moja kwa moja wanaichosha pampu ya maji na kuunguza dizeli bure. Kwa kuwa joto linapanda hata ukiwa kwenye mwendo, usiishie kwenye klachi. Isafishe rejeta kwa nje, kati yake na kondensa, ambako majani, wadudu na vumbi la barabarani hujikusanya mahali ambapo jicho halifiki bila kulegeza bolti chache.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Kiloleni. Nilisoma kwamba kampuni iliyotengeneza gari langu imeyaita magari katika nchi nyingine kwa sababu mota ya feni inaweza kusimama ghafla au kupata moto mpaka ikaungua. Gari langu ni la jina hilo hilo, na feni yake ilisimama tukiwa njiani kutoka Urambo. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ilipinda na nililipa matengenezo yote mwenyewe. Aliyeniuzia Dar es Salaam ananiambia nililichukua kama lilivyo. Wakala wa kampuni hiyo hapa nchini ananiambia sikulinunua kwake. Barua pepe niliyoiandikia kampuni haikujibiwa. Je, wito huo ni wa watu wa nje tu, na sisi maisha yetu hayahesabiki?

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako kwa uchungu, kwa sababu unachokilalamikia ni pengo la kweli. Maisha yako yanahesabika sawasawa na ya yule aliyelinunua gari hilo likiwa jipya, na waya unaoungua Yokohama unaungua vile vile Kiloleni. Hata hivyo, ili upate haki yako ni lazima ujue wito huo husafiri vipi na unakatikia wapi.

Japani, kampuni ikigundua kasoro ya usalama inaitaarifu Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, inataja aina za magari, miezi yaliyotengenezwa na mfululizo wa namba za chesisi, kisha inamwandikia mwenye gari kwa kutumia kumbukumbu za usajili. Gari linapouzwa nje ya nchi, usajili wake hufutwa. Kuanzia siku hiyo jina lako halimo popote katika daftari ambalo kampuni hulitazama inapotuma barua. Gari liko hai, lina chesisi ile ile na feni ile ile, lakini mwenye gari ametoweka machoni pa kiwanda. Hapo ndipo wito unapokatikia, na hakuna atakayeuunganisha usipouunganisha wewe.

Kwanza, usichukulie kwamba jina la gari linatosha. Wito hauhusu kila gari lenye jina hilo; mara nyingi unahusu magari yaliyofungwa mota kutoka kwa mtengenezaji mmoja wa vifaa, katika kipindi fulani, na gari lililotoka kiwandani mwezi uliofuata linaweza kuwa nje ya orodha. Chukua namba ya chesisi iliyoko kwenye kadi ya gari na uilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi yenye herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu. Magari ya Marekani huwa na namba yenye herufi na tarakimu 17. Kampuni kubwa za Japani zina kurasa za intaneti ambako unaingiza namba hiyo na kuonyeshwa kama gari lina wito na kama marekebisho yalishafanywa. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini simu ya kawaida yenye programu ya kutafsiri inatosha. Kwa magari yaliyotoka Marekani, kuna ukurasa wa mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, unaotumia namba ya tarakimu 17 na hautozi chochote.

Kisha fungua mlango wa dereva na utazame nguzo ya mlango, karibu na kile chuma kinachoshikwa na kitasa. Mara nyingi wito unapotekelezwa Japani, hubandikwa hapo kibandiko kidogo chenye namba ya wito. Nimeona magari mengi hapa mjini yenye vibandiko hivyo, na wenyewe wanadhani ni alama ya ushuru. Ukikiona na namba ikalingana, maana yake kasoro ilishashughulikiwa kabla gari halijapanda meli, na mota iliyokufia njiani ilikufa kwa uchakavu wake.

Ikiwa namba yako imo na kazi haijafanywa, andika barua rasmi kwa wakala wa kampuni hiyo nchini. Taja namba ya wito, namba ya chesisi, tarehe feni iliposimama na kilichofuata, na uambatishe nakala za kadi na stakabadhi. Usiulize kama ulilinunua kwake; omba akujibu kwa maandishi kama kampuni anayoiwakilisha itarekebisha kasoro ya usalama ambayo yenyewe imeitangaza. Nakala moja ipelekwe Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji. Sitakuahidi kwamba watakurudishia gharama za silinda hedi. Ninachokijua ni kwamba lalamiko lililoandikwa, lenye namba, huwa na uzito ambao maneno ya kaunta hayana, na malalamiko ya aina moja kutoka Tabora, Kahama na Mwanza yakikutana kwenye meza moja, ni vigumu kuyaita bahati mbaya ya mtu mmoja.

Kuhusu aliyekuuzia, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua masharti ya ubora yanayoweza kuhesabiwa kuwamo katika mauzo hata yasipoandikwa, lakini kwa gari lililotumika, ambalo mnunuzi alipata nafasi ya kulikagua, shauri hilo ni gumu. Mwone wakili kabla hujatumia nauli ya kwenda Dar es Salaam.

Usidhani kwamba wenzetu walioko karibu na viwanda wanapokewa kwa mikono miwili. Feni nyingi zinazokufa haziingii kwenye wito wowote, kwa sababu kampuni huiona feni iliyosimama kuwa kifaa kilichochakaa, hasa muda wa dhamana ukiwa umepita. Inakuwa suala la usalama pale moto unapotajwa, au gari linapozimika barabarani. Wakati mwingine wito hutangazwa kabla vifaa vya kubadilisha havijawa tayari, na mwenye gari huambiwa aliegeshe nje, mbali na nyumba, asubiri. Tazama kilichotokea Afrika Kusini. Mwezi Januari 2017 Ford iliyaita magari 4,556 ya aina ya Kuga yenye injini ya lita 1.6, baada ya visa vingi vya magari kuwaka moto, na kampuni ilieleza kwamba maji ya kupoza yasipozunguka vya kutosha injini hupata joto kupita kiasi, silinda hedi hupasuka na mafuta huvuja juu ya injini ya moto. Wenye magari walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kabla ya tangazo hilo, na tume ya walaji ya nchi hiyo ilikuwa mezani wakati wito unatolewa. Hao walikuwa watu walionunua magari mapya dukani. Wewe uliyenunua la mtumba una haki ya kukasirika zaidi, na una kila sababu ya kuwa na karatasi nyingi zaidi yao.

Ndiyo maana nakusihi utunze ile mota iliyoungua. Usimwachie fundi wala muuza chuma chakavu. Ina namba ya kifaa na jina la aliyeitengeneza, na hicho ndicho kitakachoonyesha kama ilikuwa ya kundi lililoitwa. Stakabadhi nazo zitunze, kwani Marekani, kwa mfano, kampuni inayoita magari hutakiwa kuwa na utaratibu wa kuwarudishia fedha waliokuwa wameshalipia kasoro hiyo kabla ya wito, na marekebisho ya wito huko ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza. Kikomo hicho kikupe picha ya umri wa magari tunayoyanunua, maana mengi yanafika bandarini yakiwa yanakikaribia. Anayetarajia kununua na aombe namba ya chesisi kabla ya kulipa, aitafute mwenyewe, na muuzaji anayekataa kuitoa aachwe.

SWALI: Fundi, gari likianza kuchemsha porini kati ya Kaliua na Uvinza, je, nimwagie maji ya baridi? Mimi ni mama wa watoto wadogo na sitaki kulala njiani. (Urambo)

JIBU: Hapana, mama yangu. Chuma cha moto kikipigwa na maji baridi kinaweza kupasuka. Mshale ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha na washa hita kwa nguvu yote, kwa sababu hita ni rejeta ndogo inayotoa joto la injini na kulileta ndani. Mtaona tabu kwa muda mfupi, lakini injini itapona. Kama ulikuwa unakwenda taratibu na barabara inaruhusu, mwendo wa kilomita 60 unaweza kuushusha mshale ikiwa kasoro ni feni. Mshale ukifika kwenye nyekundu au mvuke ukitoka, simama na uzime injini mara moja. Usifungue kifuniko cha rejeta mpaka bomba la juu liwe linashikika kwa mkono bila kuunguza, na hilo huchukua nusu saa au zaidi.

Kifuniko hicho kina kazi kubwa huku kwetu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 96. Kifuniko kizima kilichoandikwa 1.1 au 108 kPa, ambavyo ni vipimo vya mgandamizo wake, huyabana maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Kikilegea, maji yanachemka feni ikiwa ndiyo kwanza inawaka, na watu wanailaumu feni bure. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja leo. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, iliyochanganywa na maji safi badala ya maji ya kisima, ambayo chumvi zake huganda ndani ya rejeta.

SWALI: Mimi ni fundi, gereji yangu iko Isevya. Kila toleo mnawalaumu mafundi. Mteja anakuja na fedha ya mota ya mtumba, anataka gari leo leo, na mota ikifa baada ya muda anasema nimemwibia. Mnataka tufanyeje?

JIBU: Fundi mwenzangu, lalamiko lako ni la haki. Mteja anayekataa mota mpya na kukataa pia kusubiri uchunguzi amechagua sehemu ya matokeo, na safu hii inapaswa kumwambia hivyo: wasomaji, mpeni fundi siku nzima na fedha ya kupima.

Kwa upande wetu, mota ya mtumba ipimwe kabla haijafungwa. Itikise shafti yake kuona kama inacheza, izungushe kwa mkono kusikia kama inakwaruza, kisha iwashe kwa betri ukiwa na mita ya kubana waya na usome ampea zake. Mota ikitulia na kuvuta ampea karibu sawa na nyingine nzima ya aina hiyo, ifunge. Ikivuta nyingi kupita hiyo, irudishe kwa muuzaji siku hiyo hiyo, maana ndiyo itakayounguza plagi ya mteja. Pale ambapo mteja hana njia nyingine na ni lazima feni iwashwe kwa swichi ili afike nyumbani, weka rilei, weka fyuzi karibu na betri, tumia waya mnene, na mwandikie kwamba ni ya muda. Gari lililochemsha sana lisitoke kabla hujaipima silinda hedi kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba, kwa sababu aluminiamu hupinda, na kwa injini nyingi ndogo upindaji unaozidi milimita 0.05 au 0.1 unatosha kuifanya gasketi mpya ivuje.

Na kwenye stakabadhi andika namba ya chesisi, kilomita zilizoko kwenye dashibodi, kifaa ulichokitoa na namba yake, kifaa ulichokiweka kama ni kipya au cha mtumba, na ampea ulizozisoma. Mteja akirudi amekasirika, mtaisoma karatasi hiyo pamoja. Na siku atakapokuwa anamwandikia wakala kuhusu wito, itakuwa moja ya vielelezo vyake.